"Kompyuta Ndiyo Imesema"

Najua nimepotea. Bumu lilichelewa, asaimenti zikarundikana, na juu ya yote nilikuwa na hasira, na mama alinifundisha kwamba mtu mwenye hasira asishike kalamu. Nimesubiri siku nne. Hasira haijaisha, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Kuna karatasi inazunguka hosteli. Inaanza kwa adabu kabisa, "Sisi wanafunzi wa ualimu, Hisabati na Kompyuta, tunaomba...", halafu inaomba kozi yetu ya programu ya juu ikatwe katikati. Nusu ya kwanza, ya kuandika programu, ibaki. Nusu ya pili, ya mantiki rasmi na uthibitisho, iondolewe kabla haijatukamatisha supu sote. Zaidi ya nusu ya darasa wamesaini. Mimi sijasaini na sisaini. Na kwa kuwa nimeshaitwa "msaliti" na "profesa" kwenye foleni ya kafteria, naomba nijitetee hapa ambako hakuna wa kunikata kauli.

Kwanza niwaeleze kinachobishaniwa, maana humu wamo pia watu wa Kiswahili na Historia.

Kuprogramu ni kuiandikia mashine maagizo. Hilo mnalijua. Mantiki rasmi inakuuliza swali moja la kuudhi: una hakika gani kwamba maagizo yako yatatoa jibu sahihi kwa kila kitakachoingizwa, na siyo kwa vile vitano tu ulivyojaribu? Mwaka 1969 Mwingereza mmoja, Tony Hoare, aliandika makala iliyolipanga jambo hili katika vipande vitatu: sharti la mwanzo, maagizo, sharti la mwisho. Kama sharti la mwanzo ni kweli, na maagizo yakatekelezwa mpaka yakaisha, basi sharti la mwisho litakuwa kweli. Ukiweza kuonyesha hivyo hatua kwa hatua, umethibitisha. Hakuna uchawi hapo.

Sasa wenzangu wana hoja tatu. Moja, mwalimu wa sekondari hahitaji mambo haya, "sisi ni walimu wa Tabora, siyo watu wa Silicon Valley". Mbili, ukishaijaribu programu ikafanya kazi, inatosha. Tatu, siku hizi akili mnemba inaandika kodi yenyewe, kwa nini tuumize vichwa. Nitajibu zote, ila kabla ya hapo niwape kisa ambacho sijawahi kukiandika kwa sababu ya aibu.

Nilipokuwa BTP, kwenye sekondari moja ambayo siitaji, mwalimu wa taaluma alisikia nasoma kompyuta. Akaniletea alama za kidato cha pili: "Mwalimu, hebu tutengenezee kitu cha kupanga madaraja, tumechoka na kalkuleta." Nilivimba kichwa! Usiku ule ule nikaandika programu kwa Python. Madaraja mnayajua: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, F ni 0 hadi 29. Nikaandika kama yalivyo kwenye karatasi. Kama wastani ni 75 au zaidi, toa A. Kama ni kuanzia 65 hadi 74, toa B. Kuanzia 45 hadi 64, C. Kuanzia 30 hadi 44, D. Vinginevyo, F. Nikajaribu 80, 70, 50, 35 na 10. Ikatoa A, B, C, D, F. Safi kabisa. Matokeo yakabandikwa ubaoni.

Kesho yake akaja mzee mmoja anayeuza asali sokoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Binti yangu jaribio la kwanza alipata 64, la pili 65. Mbona hapa pameandikwa F?"

Nikamjibu sentensi ambayo nitaijutia mpaka nastaafu: "Mzee, kompyuta ndiyo imesema."

Akanitazama, akautazama ubao, akasema polepole: "Sawa mwalimu. Ila mimi nikichanganya madebe mawili ya asali nzuri, sijawahi kupata maji."

Akaondoka. Nikarudi kwenye laptopu nikitetemeka. Wastani wa 64 na 65 ni 64.5. Hiyo 64.5 haimo ndani ya 45 hadi 64, na haimo ndani ya 65 hadi 74. Ilipita katikati ya mistari yangu kama maji kwenye chekeche, ikadondokea kwenye "vinginevyo". F! Na hakuwa peke yake, walikuwapo wengine watatu wenye nusu alama mipakani. Yule binti hakuja shule siku mbili. Alikuwa amewaambia wenzake kwamba mahesabu yake ya kichwani yanamdanganya, kwa hiyo bora aache. Mtoto alikuwa na hesabu sahihi, mwalimu mwenye laptopu ndiye aliyekuwa na hesabu mbovu, na mtoto ndiye akajitilia shaka. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, na nilikwenda sokoni kumwomba radhi mzee. Alinipa asali kidogo kwenye chupa. Hilo liliniuma zaidi.

Tazameni sasa jinsi nusu ya pili ya kozi, ile mnayotaka ifutwe, ingeniokoa kwa dakika tano. Sharti la mwanzo: wastani ni namba yoyote kuanzia 0 hadi 100, na siyo lazima iwe kamili. Sharti la mwisho: kila mwanafunzi amepata daraja moja, na ndilo analostahili. Halafu unasimama kwenye kila mstari na kujiuliza: nikifika hapa, najua nini? Nikifika mstari wa pili, najua wastani uko chini ya 75, la sivyo ningeishia mstari wa kwanza. Basi niulize tu kama ni 65 au zaidi. Nikifika wa tatu, najua uko chini ya 65, niulize tu kama ni 45 au zaidi. Na kuendelea. Nikifika "vinginevyo", najua kwa hakika kwamba uko chini ya 30. Hakuna mwanya, hakuna kupishana. Sikuhitaji kujaribu namba hata moja ili kuujua ukweli huo, na hakuna namba ambayo ingeniponyoka.

Huo ndio uthibitisho jamani. Ndiyo hilo dude mnaloliogopa.

Hoja ya kujaribu nadhani imeshajibiwa na asali, lakini kuna atakayesema hayo ni makosa ya mwanafunzi, wataalamu hawakosei hivyo. Wanakosea. Mnaijua njia ya kutafuta jina kwenye orodha iliyopangwa: unafungua katikati, ukiona jina lako liko mbele unaitupa nusu ya nyuma, unafungua tena katikati ya iliyobaki. Iko kwenye madesa yetu yote. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeiandika njia hiyo kwenye maktaba ya lugha ya Java, alitangaza hadharani kwamba kodi yake ilikuwa na kosa lililokaa humo kama miaka 9. Ili kupata katikati, ilijumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho kisha ikagawa kwa 2. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla inapita 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye kisanduku cha biti 32, na jibu linageuka hasi. Dunia nzima iliitumia programu hiyo. Kujaribiwa, ilijaribiwa sana.

Hapa mwenzangu mmoja alinirukia: "Unaona! Njia hiyo ilishathibitishwa kitabuni na bado ikakosea!" Ni kweli kaka, Bloch aliichukua kwa Jon Bentley, aliyekuwa ameithibitisha. Lakini uthibitisho ule ulichukulia kwamba namba haina mwisho, kama zilivyo namba za hisabati, wakati namba ya mashine ina ukingo. Sharti la mwanzo lilisahaulika. Kwa hiyo funzo ni kwamba uthibitisho lazima utaje unachokichukulia kuwa kweli. Ukiwa umeandikwa, mtu wa tatu anaweza kuunyooshea kidole mstari wenye shida. Usipoandikwa, tunabaki na "kwangu ilifanya kazi".

Twende kwenye hii ya "walimu wa Tabora", maana ndiyo iliyonikera kuliko zote.

Jumapili moja tulipanda bodaboda tukaenda Kwihara kwenye tembe la Livingstone. Wengi tunakwenda pale kupiga picha. Stanley na Livingstone walifika hapo kutoka Ujiji mwaka 1872, Stanley akaenda zake pwani mwezi Machi, Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri watu na vifaa. Fikirieni hilo. Mtu anayejulikana dunia nzima amekaa miezi anasubiri, kwa sababu safari haianzi mpaka masharti ya kuanza yatimie. Watu, mizigo, na vitu vya kulipia njiani.

Njia ile ya Bagamoyo, Tabora, Ujiji haikuwa ya kujaribu ukaone. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, mwezi Novemba. Hulipi kwa noti, unalipa kwa vitambaa na shanga, na kila nchi ina shanga inayoitaka. Shanga inayogombewa huku, kule mbele hawaigusi. Ukibeba aina isiyo yake umebeba mawe, na utaligundua hilo ukiwa na watu mamia wenye njaa na pwani iko nyuma yako miezi mitatu. Ugogoni kuna hongo ya kupita. Na njia yenyewe inaweza kufungwa: mwaka 1871 Mirambo aliifunga barabara ya Ujiji, Stanley akalazimika kuzungukia kusini. Waliofanikiwa ni wale waliokaa chini kabla ya kuondoka wakajiuliza: tukifika pale tutakuwa na nini mkononi, na pale wanataka nini?

Na waliokuwa wakijiuliza hivyo hawakuwa wageni peke yao. Vitabu vimetuzoesha Mnyamwezi mpagazi, mtu na mzigo wa frasila mbili kichwani. Ni kweli walibeba, na njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, sitaki kuipamba. Ila Wanyamwezi walikuwa wakifanya biashara yao wenyewe ya pembe mpaka pwani, kwa misafara yao wenyewe, na walikuwa na wanyampara wao waliojua mahesabu ya mwendo, posho na hongo. Ndiyo maana nikisikia mtu aliyezaliwa Kitete au Isevya anasema "sisi wa Tabora mambo ya kufikiri hivyo si yetu", natamani kulia. Babu zako walilipanga hilo bila karatasi!

Mpagazi na mnyampara walitembea njia moja, jua moja, vumbi moja. Tofauti ni kwamba mmoja alijua kilichomo ndani ya mzigo na kwa nini. Mnaotaka kodi bila mantiki mnaomba mzigo uliofungwa tayari. Mnaomba tupewe ualimu wa kwenda kuwabebesha watoto.

Hii inanipeleka kwenye akili mnemba. Kweli inaandika kodi, na mimi naitumia. Niliiomba programu ya madaraja, ikanipa nzuri. Nikaiomba kwa maneno mengine, ikanipa yenye mwanya ule ule wa 64.5, imeandikwa vizuri na maelezo ya adabu juu yake. Nani atazitofautisha? Aliyedesa hawezi. Zamani kosa lilikuwa la kwako, ulikesha nalo na unalijua lilikozaliwa. Sasa unaletewa mzigo na mtu asiyechoka, kurasa kumi kwa dakika, na jina litakaloandikwa ubaoni ni lako. Kadiri mashine inavyoandika zaidi, ndivyo kazi yako inavyobaki moja tu: kujua kama ni sahihi. Na hiyo ndiyo nusu mnayotaka ifutwe!

Mtasema bado haimhusu mwalimu wa kawaida. Haya, twendeni kwenye kikokotoo, maana hilo neno kila mwalimu nchi hii analijua.

Kwa kanuni ya zamani ya watumishi wa umma, unachukua miezi ya utumishi, unagawa kwa 540, unazidisha kwa mshahara wa mwaka, halafu asilimia 50 ya hapo mara 15.5 ndiyo mkupuo. Kanuni za mwaka 2018 zikaweka 580 mahali pa 540, 12.5 mahali pa 15.5, na asilimia 25. Desemba 2018 Rais Magufuli akasitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na 2024 ikapandishwa kuwa 40 kwa waliokuwa wakipata 50. Chukua mwalimu wa miaka 30, yaani miezi 360, mshahara milioni 1 kwa mwezi. Kanuni ya zamani inampa mkupuo wa milioni 62. Asilimia 25 inampa milioni 23.3 hivi. Asilimia 40, milioni 37.2.

Hosteli kwetu mjadala wote ulikuwa wa asilimia. "Waturudishie 50 yetu!" Nikawauliza: mkirudishiwa 50 huku 580 na 12.5 zikibaki, mnapata ngapi? Kimya. Ni milioni 46.6. Yaani milioni 15 na zaidi zimeondoka kupitia namba mbili ambazo hakuna aliyezipigia kelele. Na upande wa pili pia usemwe: pensheni ya kila mwezi kwa 40 ni kama shilingi 372,000, wakati ile ya zamani ilikuwa 333,000. Sisemi kanuni ipi ni ya haki. Nasema huwezi kudai haki kwenye kanuni ambayo hujui kila kipande chake kinafanya nini. Shikilia kimoja, badilisha kingine, tazama jibu linakwenda wapi. Hiyo ni mantiki ya kozi yetu, neno kwa neno, na ni uzee wako unaozungumziwa.

Nchi yetu ilishawahi kuikasirikia mashine. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mahesabu ya serikali kuvurugika, ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. "Kompyuta ndiyo imesema" na "kompyuta ndiyo imekosea" ni sentensi moja. Zote mbili zinamtoa mtu kwenye kosa lake.

Nakubali jambo moja kwenye karatasi yenu, na ni kubwa. Tunafundishwa vibaya. Slaidi zinasomwa kwa Kiingereza cha haraka, tunakariri kanuni na majina yake, na kwenye UE tunaulizwa tuzitapike. Nilielewa habari ya Hoare usiku mmoja chumba cha jirani, tulipoielezana kwa Kiswahili huku tunakula mihogo, nusu saa tu. Kwa hiyo nimeandika karatasi yangu, nimeibandika mlangoni kwangu. Inaomba kozi isikatwe. Inaomba semina za Kiswahili. Inaomba mtihani utupe programu yenye kosa tulitafute na tuthibitishe tulivyolirekebisha, badala ya kukariri. Mpaka naandika hapa ina saini tano, moja ikiwa yangu.

Wewe uliyesaini ile nyingine, mwakani utakuwa na darasa lako. Atakuja mzee na matokeo ya binti yake mkononi, atakusalimu kwa heshima, atakuuliza F imetoka wapi. Jiandae na jibu.

Haya wadau, foleni ya ugali imeanza. Mlango wangu uko wazi na kalamu ipo.